Joto Chini ya Boneti

Wiki jana tulimwacha Mita uani kwake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, boneti la gari la mkewe liko juu. Mkono wa kushoto umegusa altaneta. Mkono wa kulia umeshika waya za kubusti betri iliyokufa, alizozitoa kwenye buti, chini ya zulia, zilikofichwa.

Altaneta ilikuwa na joto.

Na vishikio vya zile waya vilikuwa vimepakwa rangi ya kijani.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, sogea nikwambie upesi, wenzako wana haraka. Mita ni fundi umeme wa magari. Jina lenyewe kalipata kwa kile kipimo cha volti anachokivaa shingoni kutwa, hata mezani, hata msibani. Nyumba yake iko nyuma, gereji yake mbele. Ng'ambo ya barabara kuna gereji ya mtanashati mmoja aitwaye Skana, kwa sababu hagusi gari la mtu kabla hajalichomeka kompyuta. Ili zana zisichanganyike, kila fundi wa mtaa ule hupaka zake rangi. Za Mita nyekundu. Za Skana kijani.

Na Skana huyo huyo ndiye aliyepeleka posa ya kwanza kwa mwanamke ambaye leo ni mke wa Mita. Alikataliwa. Ni miaka sita sasa, lakini Mita hajaisahau hiyo posa hata siku moja.

Sasa niambie wewe. Gari limelala tangu jioni. Ufunguo uko kwenye msumari wake ukutani. Altaneta, kile kidude kinachochaji betri, huzunguka injini ikiwaka tu, injini ikizimwa nayo inalala. Hilo joto la alfajiri limetoka wapi? Na kwa nini wiki ya tatu sasa betri inaamka hoi, kana kwamba kuna mtu ametoka na gari, akaliegesha mahali na kuacha taa zinawaka?

(Wajuaji msiniandikie meseji. Kile kihesabu kilomita cha gari kilisimama tangu siku walipolinunua. Mita kila Jumapili anasema atakitengeneza.)

Mita alipata jibu haraka sana, na jibu hilo lilikuwa na ndevu zilizochongwa kama za Skana.

"Mwalimu!" aliita.

Mkewe anafundisha chekechea, na hata nyumbani anaitwa hivyo hivyo. Alitoka na mswaki mdomoni.

"Hizi za nani?"

Mwalimu akazitazama zile waya. Akatema povu pembeni. "Za Skana."

Hata hakubabaika! Hilo ndilo lililomchoma Mita zaidi. Alitaka akane, apate pa kumshikia.

"Zimefikaje kwenye buti?"

"Alinipa Jumanne. Gari lilinigomea shuleni. Nilikupigia mara nne, hukupokea."

"Nilikuwa chini ya lori!"

"Na mimi nilikuwa juani."

"Kwa hiyo ukampigia yeye."

"Sikumpigia mtu. Alikuwa anapita, anajaribu gari la mteja. Akanibusti, akaniambia, kaa nazo shemeji, hili gari litakusumbua tena."

Shemeji! Neno hilo likitoka kwa wengine Mita hulisikia vizuri tu. Likitoka kwa Skana humkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Na mbona umezificha?"

"Kwa sababu ya haya unayoyafanya sasa hivi."

Mita akasogea karibu. Sauti ikashuka, na ilipokuwa chini ndipo ilipotisha. "Usiku ulikwenda wapi?"

"Nilikwenda wapi? Nililala! Nililala ubavuni kwako, unakoroma mpaka vioo vinatikisika."

"Gusa hapa."

"Niguse nini?"

"Gusa altaneta, Mwalimu."

Akaigusa. Akaurudisha mkono haraka, akamtazama mumewe, macho yamemtoka pima. Alikuwa ameshangaa kweli. Lakini mtu akishaingiwa na wivu husoma kila kitu kichwa chini. Mita aliuona ule mshangao, akausoma kuwa ni hofu ya mwizi aliyekamatwa.

"Vizuri," akasema. "Kaka yako yuko njiani. Nimemwandikia aje akuchukue."

Mswaki ukamwanguka Mwalimu.

"Umemwita kaka? Kabla hujaniuliza hata neno moja?"

Ukweli ni kwamba ujumbe aliutuma mkono mmoja ukiwa bado juu ya altaneta. Mwalimu aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa nguo za kazini, na mkononi ana begi la bluu. Akaliweka nyuma ya mlango, wima.

"Kaka akisema niende, naenda," alisema. "Na nikienda sirudi, Mita, unisikie vizuri. Lakini kabla hujaninyooshea kidole mbele yake, utalipima hili gari. Wewe si fundi? Pima."

Alimwita Mita. Miaka sita alikuwa akimwita mume wangu.

* * *

Kaka mtu alifika saa tatu, koti lake jeupe la buchani bado mwilini. Mtaa mzima humwita Bucha. Ni mtu mnene, mpole, mwenye mikono inayoweza kuvunja mfupa wa ng'ombe bila shoka.

"Shemeji, nimeacha foleni dukani. Sema."

Mita akasema, tena kwa mpangilio kama wakili mahakamani. Betri inayokufa kila usiku. Waya za kijani. Posa ya zamani. Kisha akamshika Bucha mkono, akampeleka kwenye boneti.

"Weka kiganja hapa. Hii inaitwa altaneta. Ndiyo inayochaji betri. Gari lisipowaka, hii ni chuma baridi tu."

Bucha akaweka kiganja. Akakiacha hapo muda mrefu. Uso ukamkunjamana.

"Ina joto," akakiri.

"Haya. Muulize dada yako limetoka wapi."

Bucha akageuka. "Dada?"

"Haki ya Mungu sijui, kaka."

"Gari lilitoka usiku?"

"Sijui, kaka! Mimi sikutoka!"

Bucha akashusha pumzi. Akalitazama lile begi la bluu nyuma ya mlango. Mwalimu aliona kaka yake anavyolitazama, akakaa kwenye kizingiti. Mita naye alipata ile furaha chungu ya mwenye wivu anayeambiwa amepatia. Alitaka kushangilia na alitaka kulia, yote kwa pamoja.

Lakini Bucha hakuwa ameuondoa mkono wake garini. Ulikuwa umeteleza kidogo, ukagusa kitu kingine.

"Shemeji."

"Naam."

"Hili dude kubwa hapa ndilo injini?"

"Ndilo."

"Mbona baridi?"

Mita akakohoa. "Imeshapoa."

"Imepoaje? Mimi nachinja, shemeji. Nikitundika ng'ombe, paja linakaa na joto mpaka saa tano. Ulimi unapoa nikiwa bado nanoa kisu. Kidogo ndicho kinachotangulia kupoa. Sasa iweje haka kadogo kawe na joto, na hili libaba likubwa liwe baridi kama jiwe la mtoni?"

Mwalimu akainua kichwa.

Mita akapeleka mkono wake mwenyewe kwenye injini. Baridi. Akagusa rejeta ya maji. Baridi. Ndipo akakumbuka kuwa asubuhi tatu mfululizo alikuwa akifungua lile boneti kwa kunyemelea, na asubuhi zote tatu alikuwa amegusa altaneta tu. Fundi injini angegusa injini. Fundi wa breki angegusa magurudumu. Yeye ni fundi umeme, mkono wake toka anajifunza kazi unajua njia moja tu.

Unadhani aliomba radhi hapo? Humjui Mita.

"Haijalishi!" akafoka. "Betri je? Inakufaje? Nilishabadilisha betri mara mbili! Altaneta nimeipima, ni nzima! Ngoja niwaonyeshe."

Akaleta betri ya akiba kutoka gereji, imejaa pomoni, akaifunga. Akawasha gari. Akagusisha ncha mbili za kipimo chake kwenye betri.

"Soma hapo, shemeji."

"Kumi na tatu, nukta tisa."

"Ndiyo chaji hiyo! Washa taa, Mwalimu. Washa na feni. Soma tena."

"Kumi na tatu, nukta sita."

"Mmeona? Haina ugonjwa. Inachaji mchana kutwa, betri inalala imeshiba, inaamka na njaa. Kuna mtu anaila usiku."

Bucha akakuna kidevu. Kwa kweli hesabu ilikuwa imekaa vizuri, na Mwalimu aliona kaka yake anaanza kuegemea kule alikotoka. Akaingia nyuma ya usukani, akawasha redio. Akakanyaga mafuta.

Redio ikapiga mluzi. Alivyozidi kukanyaga, ndivyo mluzi ulivyozidi kupanda.

"Nimekwambia kuhusu hii sauti mara ngapi?" Mwalimu akasema.

"Redio ya bei rahisi hiyo."

"Miaka yote ilikuwa bei rahisi na haikupiga mluzi. Imeanza wiki tatu zilizopita."

"Sasa redio inahusiana nini na..."

"Inahusiana sana," ikasema sauti ya mtu mwingine langoni.

Alikuwa Skana. Ovaroli imenyooshwa pasi, ndevu zimechongwa.

Mita akaikamata spana ya namba kumi na tatu, na sidhani ilikuwa ni kwa ajili ya nati.

"Nani kakuita hapa?"

"Mimi," akasema Mwalimu. "Nimemwita aje achukue waya zake mbele ya kaka yangu, kila mtu aone. Sitaki kitu cha kujificha tena."

Wasomaji wangu, mnaujua wivu? Ule wenyewe, unaoanzia tumboni ukapanda mpaka masikio yakawa yanavuma? Mkewe ana namba ya Skana kwenye simu! Mita alisikia hilo tu, mengine yote hayakumwingia. Akapiga hatua moja mbele na spana yake. Bucha akaweka mkono mmoja kifuani pake, taratibu, na Mita akasimama.

"Mwache aseme," Bucha akaamuru. "Redio imefanyaje?"

Skana hakumtazama Mita. "Altaneta inazalisha umeme wa kwenda na kurudi, kaka. Ndani yake kuna dayodi, vidude vidogo kama vifungo vya shati, vinauruhusu umeme upite upande mmoja tu. Kimoja kikiharibika, umeme mchafu unapenya, redio inapiga mluzi."

"Kumi na tatu nukta tisa!" Mita akapaza sauti. "Umesikia? Inachaji!"

"Inachaji, sikatai. Lakini umepima inavyochaji. Umepima inavyovuja?"

Mita akakitazama kipimo chake.

"Mlango wa upande mmoja ukivunjika, unafunguka pande zote," Skana akaendelea. "Mchana altaneta inailisha betri. Ukizima gari, umeme unarudi kwa mlango ule ule. Altaneta inainywa betri usiku kucha. Na chuma kinachopitisha umeme usiku kucha kinakuwaje?"

Aliyejibu alikuwa Bucha. "Kinapata joto."

"Maneno!" Mita akacheka, kicheko kikavu. "Kompyuta yako iko wapi leo? Mbona hujaja nayo?"

"Hapa kompyuta haisaidii. Hapa inatakiwa mita." Skana akamtazama kwa mara ya kwanza. "Na mtaa huu hakuna anayeijua kuliko wewe."

Ah, huyo kijana ana akili! Angemtukana, wangeshikana mashati mpaka jioni. Alimsifu, na sifa ikamfunga mikono. Mita atapima au atakataa kupima kwa sababu anaogopa, na wote watatu wanamwangalia.

Akazima gari. Akatoa ufunguo, akafunga milango yote. Akafungua waya hasi wa betri, akaweka kipimo chake katikati, waya upande huu na betri upande ule, ili chochote kinachotoka kipite machoni pake. Gari lililolala halitakiwi kunywa kitu, labda tone la saa ya dashibodi.

Kipimo kikaruka. Ampea nne, nukta mbili.

"Nyingi hizo?" akauliza Bucha.

"Nyingi," Mita akasema. "Zinaua betri kabla ya asubuhi. Itakuwa taa ya buti."

Akachomoa fyuzi ya taa za ndani. Nne nukta mbili. Akachomoa ya redio. Nne nukta mbili. Ya honi, ya feni, ya madirisha. Akazipanga fyuzi juu ya ukingo wa gari moja baada ya nyingine, na namba haikusogea. Sanduku la fyuzi likabaki mapengo matupu.

"Umebakiza waya mmoja," akasema Skana kwa upole.

Mita alikuwa anajua. Alikuwa anajua tangu fyuzi ya tatu, na ndiyo maana vidole vyake vilikuwa vinakwenda polepole. Kuna waya mnene unaotoka mgongoni mwa altaneta mpaka kwenye betri bila kupita kwenye sanduku lile. Akatoa kipimo kwanza, kwa usalama. Akaufungua ule waya kwa spana ile ile aliyotaka kumpigia mtu. Akarudisha kipimo.

Sifuri, nukta sifuri mbili.

Ng'ambo ya barabara kompresa ya Skana ilikuwa inajaza upepo.

"Kwa hiyo?" Bucha akauliza. Alikuwa ameelewa, lakini alitaka kusikia kutoka mdomoni mwa mwenyewe.

"Kwa hiyo gari halikutoka," Mita akasema. "Altaneta ilikuwa inainywa betri. Joto ni lake yenyewe."

"Na dada yangu?"

"Alikuwa amelala."

Mwalimu alikuwa amerudi kwenye kizingiti. Alifunika uso kwa viganja viwili, mabega yakaanza kutikisika. Mita akataka kwenda, lakini spana ilikuwa bado mkononi.

Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Skana, akijifuta mikono isiyo na uchafu wowote, akauliza swali lingine.

"Dayodi hazifi zenyewe tu. Lilianza kusumbua lini?"

"Jumapili," Mwalimu akajibu bila kuondoa viganja usoni. "Wiki tatu zilizopita. Siku moja tu baada ya ule mchezo wake."

Mita akaiangusha spana.

Mnaukumbuka ule mchezo? Niliusimulia mwanzoni kabisa mwa hadithi hii. Jumamosi ile Skana alikuwa ameleta kompyuta mpya, watu wamejazana gerejini kwake kama kuna harusi. Mita roho ilimuuma. Akalivuta gari la mkewe mpaka barabarani, akaliwasha, akaita kwa sauti: njooni muone fundi anavyopima altaneta bila mashine! Akachomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma. Gari halikuzima. Watu wakapiga makofi. Mafundi wa zamani wote waliufanya mchezo huo, na magari ya zamani yaliuvumilia. Hili la Mwalimu si la zamani. Betri ikitolewa ghafla, altaneta haina pa kuutua umeme wake, volti zinapaa kichaa, na kitu laini kuliko vyote ndani yake kinaungua.

Wivu wake ndio uliounguza altaneta. Halafu akaja kumshitaki mkewe kwa joto lake.

"Nilikuwa naonyesha watu," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa unanionyesha mimi," Skana akamsahihisha, bila ubaya. Akaokota waya zake za kijani, akazikunja begani. "Shemeji, samahani kwa usumbufu."

Alilisema neno hilo kwa Mwalimu. Mwalimu akainua uso. Macho yao yakakutana, labda sekunde moja, labda moja na nusu. Kisha Mwalimu akatazama chini, Skana akavuka barabara.

Mita aliiona hiyo nusu sekunde. Akaimeza. Leo hakuwa na haki ya kuona kitu.

"Njoo hapa," Bucha akamwita, na upole wote ulikuwa umemtoka. "Umenitoa dukani kuja kumdhalilisha dada yangu kwa kosa la mkono wako. Nimchukue, nisimchukue?"

"Usimchukue, shemeji. Nakuomba."

"Mwombe yeye."

Mita akaenda mpaka kwenye kizingiti. Akavua kile kipimo shingoni, jambo ambalo halijawahi kuonekana mchana, akakiweka chini, akapiga magoti kwenye saruji.

"Nimekukosea, mke wangu. Nakupenda mpaka nakuwa mjinga. Nisamehe."

"Kila mara unasema hivyo," Mwalimu akasema. "Juzi ilikuwa mwalimu mkuu. Mwezi uliopita muuza maziwa. Nimechoka kuulizwa natoka wapi, Mita. Nimechoka kweli."

"Sitauliza tena."

"Utauliza."

"Shemeji, sikiliza na wewe." Mita akamgeukia Bucha, bado amepiga magoti. "Siku nitakayomuuliza tena dada yako alikuwa wapi, siku hiyo hiyo njoo umchukue. Sitafungua mdomo. Sitaomba. Na begi nitambebea mimi mwenyewe mpaka kwako."

"Nimesikia," akasema Bucha. Akampa mkono ule wa kuvunja mifupa, wakashikana, na Mita aliusikia mfupa mmoja ukilia. "Dada, umesikia?"

Mwalimu akalitazama begi lake.

"Nimesikia," akasema.

* * *

Jioni ile nyumba ilikuwa na amani. Mita aliosha vyombo bila kuambiwa. Kibao kipya cha dayodi kingepatikana baada ya siku mbili, kwa hiyo aliuacha ule waya mnene wa altaneta umefunguliwa, akaufunga kwa utepe mweusi. Betri aliichaji gerejini mpaka ikashiba, akaipima mbele ya mkewe: kumi na mbili nukta saba. Akairudisha garini.

"Hii itakupeleka shuleni na kukurudisha hata bila altaneta," akamwambia. "Ila usiwashe taa. Na usiku wa leo hakuna kinachoweza kuinywa. Hata tone."

"Asante, mume wangu."

Mume wangu! Akalala na jina hilo, akakoroma.

Aliamka saa kumi na mbili na nusu, anapiga mluzi. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari wake. Mwalimu alikuwa bafuni, maji yanamwagika. Begi la bluu lilikuwa bado nyuma ya mlango, halijafunguliwa, lakini Mita akajiambia kuwa wanawake husahau. Akatoka uani na kipimo chake shingoni, si kwa kunyemelea, ni kama fundi yeyote anayekwenda kuitazama kazi yake ya jana. Akainua boneti. Akagusisha ncha mbili kwenye betri.

Kumi na mbili, nukta sifuri.

Akafuta ncha kwa shati. Akapima tena. Kumi na mbili, nukta sifuri.

Haiwezekani. Akautazama waya wa altaneta. Ulikuwa vile vile alivyouacha, umefungwa utepe mweusi kwa mkono wake mwenyewe. Hauvujishi. Basi kitu gani kimekula betri?

Taa, akasema moyoni. Zimewaka usiku, na altaneta haikuwepo kuirudishia betri chochote.

Mkono wake ukataka kwenda kwenye altaneta, kwa mazoea. Akauzuia. Alikuwa ameshafundishwa na mchinja nyama. Akausogeza polepole upande wa pili, akaulaza kiganja kizima juu ya lile dude kubwa, lile linalochelewa kupoa.

Injini ilikuwa na joto.

Maji bafuni yakakatika. Mlango ukafunguka nyuma yake, na Mwalimu akasimama kizingitini, taulo kichwani, kando ya begi lake la bluu.

"Umeamka mapema," alisema. Akatazama mkono wa mumewe ulipo. Sauti yake haikubadilika. "Ulitaka kuniuliza kitu, mume wangu?"

Mita akafungua mdomo. Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, maneno matatu tu, yale yale aliyoapa kutoyasema. Akamwona Bucha kichwani mwake. Akaliona begi.

"Hapana," akasema, kiganja bado kinaungua. "Naangalia altaneta tu."